Mikono Ishirini na Minne ya Kushoto

Ninyi mnaoshona huku sikio moja limechomekwa waya, chomoeni kwanza. Nasubiri.

Haya. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Mimi ni Bibi Leokadia, fundi cherehani wa soko la Nyakahura, au tuseme nilikuwa, maana tundu la sindano siku hizi nalisikia tu kwamba lipo, silioni. Mmeniomba niandike mambo ya kazi ili wanaoanza wasome. Nilisoma mpaka darasa la nne. Mkitaka maneno ya kupamba, yapo kwenye kadi za harusi.

Najua mnategemea niandike namna ya kukata kola. Kola mtakata tu, mkae mkijaribu. Mimi nataka kuandika upuuzi wa kwenye simu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kukanyaga cherehani hakuna kilichoniingilia kazi kama huo. Si mitumba, si ukame, si panya waliokula bitana. Ulinibadilishia suruali, ukanibadilishia magauni, na mwisho nusura umtoe kwenye kazi fundi mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, msichana anaitwa Espe. Na safari hiyo aliyeuanzisha ni mimi.

Nianze mwanzo. Nilizaliwa Nyakisasa, Ngara, na huko ndiko nilikofundishwa. Mwalimu wangu alikuwa Mama Skolastika, mjane aliyeshona barazani kwake. Wiki tatu za kwanza sikugusa cherehani. Niliokota pini kwa sumaku, nikapuliza mkaa wa pasi mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi wa rubisi, nikafumua. Kufumua ndiko kulikokuwa shule yenyewe. Mama Skolastika alikuwa anachukua wembe mpya, anauvunja katikati, kila nusu anaifunga kitambaa upande mmoja usimkate mtu. Nusu yangu, nusu yake. Nikiharibu mshono hakusema neno. Aliweka chini kazi yake mwenyewe, akachukua ile nusu ya pili, akakaa karibu yangu, mimi nikaanzia pindoni yeye akaanzia begani, tukakutana katikati. Halafu akarudi kwenye kiti chake. Hakunisifu hata siku moja, na kunicheka hakunicheka. Nilidhani ni ukali. Imenichukua miaka mingi na aibu moja kubwa kujua ilikuwa nini.

Nikaolewa huku Nyakahura, nikaja na cherehani nyeusi ya kanyagio na mkasi alionipa Mama Skolastika. Miaka ya wakimbizi nilishona hata pale Benaco, kambini, chini ya turubai. Mtu alikuwa anakuja na shati moja alilovuka nalo, anaomba nigeuze kola upande usiochakaa. Nageuza, anavaa, anashukuru. Hakuna aliyeniletea picha na kusema, "Fundi, nataka kama huyu." Ninyi hamkuiona raha hiyo, poleni.

Kisha zikaja simu.

Kwanza zilikuja ndogo, za kubofya, na upuuzi wake ulikuwa wa maandishi. Ujumbe unaingia: mtumie huu watu kumi na wawili kabla jua halijazama utapata baraka, ukiupuuza utapata msiba. Soko zima likapanda kwenye kichuguu nyuma ya machinjio, ndipo mtandao ulipokuwa unashika, watu wazima wakisukumana juu ya udongo wa mchwa kuokoa familia zao. Katekista wetu naye nilimwona juu kabisa, mkono mmoja ameinua simu kama mtu anayeomba mvua.

"Katekista, na wewe?" nikamuuliza.

"Mama Leokadia, siamini," akasema. "Ila sina hasara nikituma."

Hayo maneno yashikeni. Kila upuuzi niliouona baadaye umepitia mlango huohuo: siamini, ila sina hasara nikituma.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya cherehani zenyewe. Habari ikaingia kwamba ndani ya cherehani kuukuu, zile nyeusi za zamani, kuna zebaki nyekundu, na matajiri wa mbali wanaitafuta kwa udi na uvumba. Kipimo chake rahisi: sogeza simu karibu na sindano, mtandao ukikatika, zebaki ipo. Sasa mtandao wa Nyakahura wa siku zile ulikuwa unakatika hata ukisogeza simu kwa mbuzi. Kwa hiyo kila cherehani ikafaulu mtihani. Halijawahi kutokea darasa lililofaulu namna ile.

Mzee Bonifasi, fundi baiskeli wa jirani, akaja mezani kwangu ananong'ona.

"Mama, hapa ulipokaa umekalia utajiri."

"Nimekalia kigoda, na kina msumari. Sogea, unanizibia mwanga."

"Nifungue kidogo tu. Nichungulie."

"Kachungulie ya mke wako."

Nami mdomo wangu huu! Alikwenda kweli. Aliifungua cherehani ya mkewe yote, skrubu kwa skrubu, akakuta mafuta ya cherehani, vumbi na sindano iliyovunjika. Mkewe aliniletea ile mashine ndani ya gunia. Nikaiunga siku tatu. Skrubu mbili zilibaki mkononi na mpaka leo sijui zilikuwa za wapi. Cherehani inashona. Nawaambia ili mjue: mashine za zamani zina huruma kuliko watu.

Simu zikaanza kucheza video. Zilikuwa fupi, zinarushwa simu kwa simu, vijana wanazigusanisha migongo kama majogoo wanaotaka kupigana. Kulikuwa na moja ya kibwana kinene cha kuchorwa, kinatikisa kiuno, kinashuka mpaka chini miguu imepanuka, kinapanda, kinashuka tena. Ndiyo hiyo tu. Hakisemi kitu, hakifundishi kitu. Kiliingia Nyakahura siku ya mnada, na kufika Jumapili watoto wa Kipaimara walikuwa wanashuka nacho nje ya kanisa.

Mimi nilishona suruali za wapambe wa harusi moja kipindi hicho. Suruali nzuri, za kubana kiheshima, za mtu wa kusimama na kutabasamu. Muziki ulipopigwa, wapambe wote sita wakashuka kama kibwana. Mlio niliousikia ule nikadhani ngoma imepasuka. Haikuwa ngoma. Bibi harusi alifunika uso, na mimi nikafunika wangu, maana kila mtu alijua nani kashona.

Tangu siku hiyo kila suruali ya harusi nikaiwekea kipande cha pembe nne pale panapokutana miguu. Wenzangu wakaniuliza kinaitwaje. Nikawaambia kinaitwa nafasi ya ujinga. Mnakicheka, na mmekivaa. Kibwana chenyewe kimesahaulika, hakuna anayekumbuka hata kilitoka nchi gani, ila nafasi yake imebaki kwenye suruali za wilaya nzima.

Halafu ukaja wakati wa picha. Msichana anaingia na simu kubwa kama sahani, anakuonyesha mwanamke amesimama ngazini, gauni linameremeta, kiuno hakipo kabisa. "Bibi, nishonee hivi."

"Nyuma pakoje?"

"Nyuma hapakupigwa picha."

"Unajua kwa nini? Nyuma pana pini kumi na tano, na huyu dada hajavuta pumzi tangu asubuhi."

Hawakusikia. Nikashona mbele kama picha na nyuma kama nilivyoona inafaa. Ndiyo maana mabibi harusi wetu wa miaka ile ukiwaona mbele ni wa ughaibuni, wakigeuka ni wa Nyakahura. Sikuona ubaya.

Nimewasimulia haya yote mjue kwamba nilikuwa na uzoefu. Niliyajua mambo ya simu, niliyacheka, nilijiona niko juu ya kichuguu nawatazama wajinga chini. Ndipo ikafika zamu yangu.

Espe alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa. Jina lake lote ni Esperansia. Watu wa kwao walitoka Burundi. Mama yake alivushwa mto akiwa amebebwa mgongoni, akakulia hapa, akaolewa hapa, analima hapa, karatasi zake zote anazo. Espe mwenyewe ng'ambo hajawahi kuiona hata kwa mbali. Alikuwa na mkono mwepesi, hasemi sana, na alikuwa na jambo moja analolitaka: meza yake mwenyewe sokoni, ya pili kutoka kwenye kona, ambayo mama mmoja alikuwa karibu kuiacha. Nilimwahidi kwamba akimaliza sare za kwaya kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, nitamsimamia aipate.

Wanakwaya wanawake walikuwa kumi na wawili. Kitambaa, satini ya bluu. Hapa mafundi wapya mnisikilize vizuri, maana hii ndiyo ya kazi.

Kitenge hakina uso. Ukikata mkono wa kushoto mara mbili, mmoja unaugeuza unakuwa wa kulia, maisha yanaendelea. Satini ina uso na ina mgongo: upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Kwa hiyo lazima ukikunje kitambaa, uso utazame uso, ndipo ukate, upate wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Ukikilundika chote uso juu kama kitenge, unapata mikono ya upande mmoja, na pa kugeuzia hapapo. Mkono una mbele na nyuma. Mbele panakombwa, yaani panakatwa kwa ndani zaidi, pale begani. Ukiuvaa wa kushoto kwenye bega la kulia, kitambaa kinakuvuta kama mtu anayekuita kwa nyuma.

Wiki hiyo nilikwenda Nyakisasa kumzika kaka yangu. Asubuhi ya kuondoka Espe aliniuliza, "Bibi, hii nikate vipi?" Nilikuwa nafunga mzigo. Nikamjibu, "Lundika ukate kama unavyokata siku zote."

Siku zote alikuwa anakata kitenge.

Nimerudi siku ya tano, nimechoka, nina msiba, na nikakuta mikono ishirini na minne, yote ya kushoto, ishirini na miwili imepangwa mezani vizuri kama vyeti. Miwili alikwisha kuishona kwenye blauzi moja, ya mwenyekiti wa kwaya. Espe amesimama pembeni, ameona kosa tayari, uso umemshuka. Wateja wanne walikuwapo, na mjukuu wangu Devota alikuwa ameniletea uji.

Wembe ulikuwa pale mezani. Niliuona. Nikachukua blauzi badala yake, nikaiinua juu watu wote waione.

"Espe mwanangu," nikasema, "niambie huyu mtu umemwona wapi. Huu mkono wa kushoto. Na huu, wa kushoto. Wa kulia umeuacha wapi? Umeuacha ng'ambo?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Espe hakucheka.

Ninyi wa mbali mtaona ni neno tu. Huku kwetu, ng'ambo ni neno lenye meno. Mtu wa asili ya ng'ambo anaweza kuishi kijijini miaka hamsini, azike wazee wenu, awakopeshe mbegu, na siku mkigombania mpaka wa shamba neno litakalomtoka mwenzake ni hilo. Mimi nalijua hivyo, na nililitumia.

Devota alikuwa ananirekodi. Kumbe alikuwa na mazoea hayo: nikigomba ananichukua, anawatumia shangazi zake wacheke. Mimi nilidhani binti ana tatizo na saa, kila mara anatazama simu. Akawatumia hiyo, ndani ya kundi la ukoo tu. Shangazi mmoja akamtumia shoga yake. Shoga naye, nadhani, hakuona hasara akituma.

Siku ya nne dereva wa lori, mgeni kabisa, alisimama sokoni, akanitazama, akapiga kelele, "Bibi wa ng'ambo! Wa kulia umeuacha wapi?" Siku ya saba vijana wa mjini walikuwa wameweka sauti yangu kwenye muziki, mlio wa cherehani unakwenda tatata, mimi nasema "umeuacha ng'ambo, ng'ambo, ng'ambo" kama kasuku. Mwezi haujaisha maneno yalikuwa yameandikwa kwenye madigadi za bodaboda. Golikipa akitema mpira, anaulizwa wa kulia kauacha wapi. Washereheshaji wa harusi wanauliza ukumbi, ukumbi unajibu "Ng'ambo!" Padri naye, baba wa watu, akasimama wakati wa sadaka akauliza waumini kama mkono wa kutoa wameuacha ng'ambo. Kanisa likaangua kicheko. Nikaangalia benchi la kina Espe. Lilikuwa tupu.

Niseme ukweli, maana niliahidi kuandika ya kazi na hii ni kazi. Wiki ya kwanza nilipenda. Wasichana waliokuwa wananipita bila salamu wakawa wanakuja, "Shikamoo Bibi, tupige picha." Nikawa nachana nywele kabla ya kwenda mezani. Nilinunua kilemba. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kaka yake mbichi kaburini, nanunua kilemba cha kupigiwa picha na watu wa bodaboda.

Wakati mimi nafunga kilemba, Espe alikuwa anashughulikia yake. Sare tuliziokoa: tulitafuta satini kule Biharamulo mjini, tukakata mikono kumi na miwili ya kulia. Mkiangalia kwaya kwa makini mtaona kulia bluu yake ni nyingine. Mungu hajalalamika. Lakini mteja mmoja alifika mezani nikiwa nimetoka, akamwuliza, "Wewe ndiye wa mikono miwili ya kushoto? Nipe kitambaa changu." Akakibeba. Akaja wa pili. Yule mama wa meza ya pili kutoka kwenye kona akaanza kusema atafikiria. Na kwenye mkutano wa kijiji mama yake Espe alisimama kuuliza habari ya bomba la maji, mtu mmoja nyuma akaita, "Swali umelileta, wa kulia umeuacha wapi?" Mkutano ukacheka. Mama yule akakaa chini bila kumaliza. Espe akaacha kuja kazini.

Nilingoja siku tatu. Ya nne nikavua kilemba nikaenda kwao, mwendo wa saa nzima kupita mashamba ya mihogo. Mama yake alikuwa anapepeta maharage uani.

"Hodi hapa."

"Karibu." Hakuinuka. "Umekuja na simu?"

"Sina simu."

"Basi kaa. Wenye simu wamekuja wawili, walitaka kuona nyumba ya fundi wa kushoto."

Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kumchukua Espe, kazi zimejaa, watu watasahau. Nikasema na lile linalosemwa siku zote, kwamba ulikuwa utani.

"Utani ni wa watu wawili, Mama Leokadia," akasema, huku anapuliza makapi. "Huu wenu sisi tulikuwa kitoweo."

Espe akatoka ndani. Alinisalimia kwa heshima, shikamoo, nikaitikia. Akasema neno moja tu.

"Bibi, satini ulinifundisha lini?"

Nimegombana na watu wengi maishani, nina majibu ya akiba mpaka ya wajukuu. Hapo niliinama nikaokota maharage yaliyoanguka chini. Na la kuniaibisha ni hili: kosa langu sikulijulia pale uani. Nililijua tangu ile dakika nimeinua blauzi juu. Nilijua kabisa kwamba amekata kama nilivyomwambia. Ndiyo maana niliinua juu sana.

Nilirudi nyumbani nikamwita Devota. "Nirekodi." Nikaeleza yote taratibu: kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema lundika, binti hana kosa, na lile neno nimelifuta. Devota akaituma huku analia. Tulingoja juma zima. Watu kumi na mmoja waliitazama, wawili wakiwa ni sisi wenyewe. Mmoja aliandika, "Bibi siku hizi huchekeshi." Kwa hiyo mjue: uongo unapanda bodaboda, na anayejitia hatiani anatembea kwa miguu.

Basi nikatembea kwa miguu. Ile blauzi ya mikono miwili ya kushoto ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari, maana mwenyekiti tulimshonea nyingine. Jumapili nikaivaa. Ilinivuta bega la kulia, ikanikata kwapani, nikashindwa hata kufanya ishara ya msalaba bila kusikia uzi unalia. Wakati wa matangazo nikaomba nafasi. Nikageuka mbele na nyuma wanione vizuri. Nikasema, "Hii nimeikata mimi, kwa mdomo wangu. Espe alishika mkasi tu. Anayetaka kuuliza mkono wa kulia uko wapi, aniulize mimi niliyeivaa." Hakuna aliyecheka, ama kwa sababu walinielewa, ama kwa sababu niliwakazia macho. Baadaye nikaivaa sokoni, siku za mnada na zisizo za mnada, miezi miwili. Nikiulizwa, najibu hayohayo. Bega linauma mpaka leo wakati wa mvua.

Na sasa nisikilizeni mcheke, maana hapa pana haki ya kucheka. Wasichana wakaipiga picha ile blauzi. Hawakupiga maneno yangu, walipiga blauzi. Kufika mwisho wa mwezi akaja wa kwanza: "Bibi, nishonee kama hiyo, mkono mmoja umejikunja kwa nyuma." Nikadhani ananitania. Akaja wa pili, na wa tatu ametoka mbali, na picha yangu kwenye simu: mimi, na bega langu lililopinda, nimekuwa mtindo! Nimefanya toba, na watu wanaomba vipimo vyake.

Nikawajibu wote kwa sauti, soko lisikie. "Mshono huo siuwezi. Anauweza Espe peke yake, binti wa yule mama anayelima kule juu. Mimi niliukosea, yeye ndiye anayejua namna ya kuushona."

Walikwenda. Wakarudi kuniuliza njia, wakaenda tena. Asubuhi moja Espe akaja mezani, akatandika kitambaa, hakunitazama.

"Bibi, huu mkono ukiuacha hivi unamkata mtu kwapani."

"Najua. Nimeuvaa."

"Nitauwekea kile kipande. Nafasi ya ujinga."

Akakiweka kwapani. Blauzi ikakaa vizuri, mkono ukajikunja kwa nyuma kwa makusudi, ikapendeza hata mimi nikakubali, nami sipendi kitu. Alishona nyingi. Meza ya pili kutoka kwenye kona ni yake sasa, na mkasi wa Mama Skolastika ninyi mnaopita pale mmeuona mkononi mwake. Mtindo ule umekwisha kufa, sasa hivi mnaletewa upuuzi mwingine. Espe yupo.

Msidhani nimemaliza vizuri. Mama yake hajasimama tena mkutanoni kuuliza habari ya bomba. Nilimwomba radhi, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, amesema amesikia, na mimi sina haki ya kumfumulia mdomo. Lile neno nalo linaishi. Juzi nimelisikia kwa mtoto mdogo aliyeangusha kikombe, hajui lilitoka wapi wala linamuuma nani.

Wiki iliyopita nilijaribu kumshonea Devota sketi, jicho likanidanganya, mfuko nikaushona mdomo chini. Ukiweka kitu, kinaanguka. Devota aliuona, akaanza kucheka, na mkono wake wenyewe, kwa mazoea, ukaenda kwenye simu. Akashtuka. Tukatazamana.

Nikawaita wote waliomo ndani, wakubwa kwa wadogo. Nikaliweka mezani kopo langu kubwa la vifungo, nikalimimina likawa tupu. Nikasema: kuanzia leo, ndani ya ua huu, mtu akikosea, awe mtoto, awe mgeni, awe mimi, simu zinaingia humu kwanza, na hazitoki mpaka kosa limefumuliwa. Kucheka ruhusa, baada ya kufumua. Haya, Devota. Tia simu yako kwenye kopo, lete wembe mpya, uvunje katikati, ukae hapa.